Kikombe Kando ya Kitanda

Mwaka 1968, nilipotimiza miaka sitini na saba, hivi ndivyo vitu nilivyokosa. Sikuwa na mke, maana Filomena alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Sikuwa na mtoto. Sikuwa na ndugu wa damu kisiwani Nosy Be, pwani ya Madagaska, wala baiskeli, wala meno ya kutafunia upande wa kushoto. Sikuwa na cheti cha shule ya mchana, ingawa nilikuwa nimesoma kuliko wengi waliokuwa nacho. Sikuwa na dhambi kubwa, kwa jinsi nilivyofundishwa kuzipima. Na raha sikuwa nayo, hata ya kukaa kitini mpaka kahawa ipoe.

Watu wa Hell-Ville, mji wa kisiwa chetu, walinijua kwa jina la Telesfori katekista. Kwa miaka thelathini na moja niliangalia moto chini ya mapipa ya shaba, katika kiwanda cha kuchemshia maua ya ilangilangi ili mafuta yake yapelekwe Ulaya kutengenezea manukato. Shule niliianza nikiwa na miaka thelathini na minane, shule ya jioni ya mapadre, natoka kazini nanukia kama bibi harusi na wenzangu wananicheka. Nilijifunza kusoma, kisha Kifaransa, kisha Kilatini cha kutosha kuitikia Misa bila kitabu. Kiswahili hiki nilikipata kwa baba yangu, Mmakua aliyeletwa kutoka bara la Afrika, nikakinyoosha kwa vijitabu vya misheni vilivyokuwa vikija kutoka Unguja. Sina tena wa kusema naye. Majirani husema Kisakalava au Kikomoro, nami huwajibu hivyo hivyo, lakini mambo ya moyoni huyaandika kwa lugha ya baba.

Nyumba yangu ilipakana na ya Saindou, fundi cherehani, mtu wa asili ya Komoro. Alikaa na mkewe Ansoifa na mama mkwe wake, Bibi Koulsoum. Walikuwa Waislamu, na tuliishi vizuri. Ijumaa wao walipika nyama, mimi samaki kwa amri ya Kanisa, na kila Ijumaa Bibi Koulsoum alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya ua.

"Mkristo wangu! Mungu wako kakunyima nyama tena?"

"Kanipa samaki, bibi."

"Basi mifupa mletee paka wangu. Naye ni wa dini yenu."

Februari 1961 ilinyesha mvua siku nne mfululizo. Ansoifa alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku kumi na mbili zilizopita, na homa ya uzazi ilikuwa imemlaza hajitambui. Siku ya nne mtoto akaacha kunyonya, kisha degedege ikamshika. Saindou alikimbia hospitali kutafuta daktari. Bibi Koulsoum akaja kwangu, mvua imemlowesha mpaka mifupani.

"Njoo ukae na wagonjwa wangu. Natoka, narudi sasa hivi."

Nikaingia, nikakaa kwenye kiti. Ilikuwa mchana, lakini madirisha yalifungwa kwa sababu ya mvua na chumba kilikuwa na kiza. Ansoifa alikuwa amelala ubavu, anahema kwa shida. Mtoto nilimpakata. Macho yake yalikuwa yamegeuka juu, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau, na mara mbili nilidhani amekwisha kwenda.

Kanuni niliijua kwa moyo. Mtoto wa mtu yeyote akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Maji yapite kichwani, maneno yasemwe papo hapo. Nilikuwa nimeifundisha kwa miaka kumi na sita na sijaitumia hata siku moja. Kando ya kitanda palikuwa na kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Nilidhani ni maji ya mgonjwa. Nikakifunua, nikamimina kichwani mwa mtoto mara tatu, nikasema maneno kwa Kilatini kwa sababu nilijivunia Kilatini changu, nikampa jina la Maria. Nilisikia harufu ya mawaridi, nikadhani ni ya chumba cha mzazi. Nikafunika kikombe.

Hakufa. Alasiri ile ile alinyonya, na baada ya siku tatu homa ya mama yake ikashuka. Wakamwita Hadjira.

Sikumwambia mtu, hata Filomena. Padre hasa sikumwambia, maana padre angeandika katika daftari la ubatizo, na kilichoandikwa husomwa. Nilijiambia kwamba nimetimiza wajibu na yaliyobaki ni ya Mungu. Lakini kila nilipopiga magoti jioni nilimwombea Maria, na asubuhi mtoto yule yule alinipitia mlangoni ameshika mkono wa bibi yake, ananiita Dadilahy, yaani babu kwa Kisakalava. Ilikuwa kama ninayemwombea na ninayempa ndizi ni watoto wawili.

Mwaka 1964 Saindou alihamishia cherehani zake mji wa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, penye wateja wengi. Filomena alipokufa, Saindou aliniandikia: Baba, uza nyumba, njoo ukae nasi. Hapa hutakufa peke yako. Niliisoma barua ile nimesimama. Sikuwa na watu wengine duniani walioweza kuniandikia hivyo. Julai 1968 nikapanda meli ya pwani kwenda kuangalia, nikiwa nimemwahidi mnunuzi wa nyumba kwamba nikirudi nitampa jibu.

Chumba walichonipa kilikuwa cha kuwekea vitambaa. Kilikuwa kimepakwa chokaa, kitanda kimetandikwa, na ukutani palikuwa na msumari mpya.

"Huu wa nini?" nikauliza.

"Wa msalaba wako, baba," Saindou akasema, akatazama pembeni kwa haya.

Bibi Koulsoum alikuwa nyuma yetu. "Mimi ndiye niliyemwambia aupigilie ukuta wa kusini. Upande wa kibla usiuguse, Mkristo. Tutagombana mpaka Kiyama."

"Sina ugomvi nawe, bibi."

"Utakuwa nao. Unapenda kushinda. Hata Nosy Be ulikuwa hivyo hivyo."

Nikautundika msalaba. Kwa siku kadhaa niliishi kama mtu aliyefika kwao. Adhana ya alfajiri iliniamsha, nikasali sala zangu wakati wao wanasali zao, na Bibi Koulsoum akawatangazia majirani kwamba Mkristo wake huamka mapema kuliko wanaume wa nyumba. Lakini Hadjira alikuwa na miaka saba na miezi mitano. Kwa Kanisa, saba ni umri wa akili. Tangu hapo mbatizwa anadaiwa Misa ya Jumapili. Kwao pia saba ndio umri wa kumfundisha mtoto sala. Nilimwona akitandika mswala wake mdogo karibu na wa mama yake, anainama, anachungulia kama mama ameinama, anainuka amechelewa. Alikuwa mzuri kumtazama. Nami sikuweza kumtazama. Nilitoka nikazunguka soko la Mahabibo sinunui kitu, nikarudi, nikatoka tena. Jumapili nilikwenda Misa, Misa ambayo siku hizi husomwa kwa Kimalagasi, nikajikuta naangalia nafasi tupu ubavuni mwangu, nafasi ya mtoto.

Alhamisi moja alasiri palikuwa na karamu ndogo, kwa kuwa Hadjira alikuwa amehifadhi sura zake fupi. Walikuja wanawake wa jirani na wazee wawili. Kahawa ilipopita, mmoja akasema, "Bibi Koulsoum, tusimulie habari ya kikombe." Ikaonekana habari hiyo walikwisha kuisikia na walitaka kuisikia tena.

Bibi Koulsoum akajiweka sawa. "Nilikuwa nimeleta kombe la Fundi Boinali, mwalimu wetu wa Kurani, Mungu amrehemu. Aya kaziandika kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kaziosha kwa maji na tone la marashi, nikatia kikombeni, nikaweka kando ya kitanda. Fundi akaniambia, usimpe mtoto mpaka nije nisome mwenyewe. Haya. Mzee hawezi kutembea kwenye tope, nikaenda kumshika mkono. Tunarudi, tunakuta nini?"

"Kikombe nusu!" wakaitikia wanawake.

"Kikombe nusu! Kichwa cha mtoto kimelowa! Mwanangu huyu, ana homa ya kuchoma mkate, kainuka peke yake kammwagia mwanawe dawa ya Mungu. Nani kamwambia? Hakuna!"

"Mashallah," wakasema.

"Na Mkristo wangu yupo hapo hapo kitini, kalala. Ee? Sema kweli, ulisinzia!"

Wote wakanicheka. Ansoifa alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu, mkono wake begani mwa Hadjira. Nami nikacheka. Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa kwenye suruali.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sikubatiza kwa maji ya kunywa. Nilikuwa nimechukua maji yaliyooshea aya za Kurani, nikayamimina kwa maneno ya Kilatini.

Kwa muda wa saa moja nilifurahi kama mfungwa aliyeambiwa kesi imefutwa. Kama maji hayakuwa maji halisi, ubatizo haukuwa ubatizo, na Maria hakuwahi kuwapo. Nilishuka mpaka ufukweni karibu na mji wa zamani, nikaenda na kurudi, nalipima jambo kama wakili. Chai si maji ya kubatizia, wala supu. Lakini maji yenye rangi kidogo ni maji. Zafarani ilikuwa kiasi gani? Marashi ni tone moja, alisema bibi, lakini bibi hutia chumvi. Nilibishana na nafsi yangu mpaka jua likatua, na sikupata jibu wala nafuu. Kila nilipofika mwisho wa hoja nilimwona Ansoifa ameinamisha kichwa.

Asubuhi ya pili, Hadjira amekwenda shuleni na Saindou yuko dukani, Ansoifa alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mama yake alikuwa kwa jirani. Sauti yake tuliisikia.

"Dadilahy, nikuulize kitu kabla mama hajarudi."

"Uliza, mwanangu."

"Hiyo habari ya kikombe. Watu wakiwapo siwezi kumkatisha mama." Aliacha kukuna. "Mimi sikumbuki kuinuka. Miaka saba najaribu kukumbuka. Nakumbuka mvua tu. Huwa najiona kama mwizi wanaponisifu. Wewe ulikuwapo. Uliniona nikiinuka?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa umefunguliwa wote. Hapakuwa na haja ya kuusukuma.

"Kulikuwa na kiza," nikasema. "Madirisha yalifungwa."

"Lakini uliniona?"

"Niliona kivuli. Kivuli kiliinuka upande wa kitanda."

Akaweka kifuu chini, akajifuta macho kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa na nazi. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani wananipa sifa ya mtu mwingine."

Sikula mchana ule. Nilisema tumbo.

Kesho yake nikapita mtaa wa Mangarivotra kwa miguu mpaka kanisani, nikangoja zamu yangu ya kuungama. Padre alikuwa kijana, huenda nilikuwa naijua katekisimu kabla hajazaliwa. Nikamweleza yote kwa utaratibu: mvua, mtoto, kanuni, kikombe, zafarani, na kile kivuli cha uongo. Nilimuuliza kama ubatizo ulishika.

"Mama yake alikuwa wapi?" akauliza.

"Humo humo. Alikuwa amelala na homa."

"Ulijaribu kumwamsha?"

"Hapana, padre."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kitabu. Nikasema la nne. "Angekataa."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja.

"Kwa kanuni uliyofundishwa hukukosa," akasema. "Mtoto alikuwa anakufa. Kwa hiyo kwa hilo sina cha kukuondolea, na naona ndicho ulichokuja kukitafuta. Habari ya maji mwachie Mungu. Hakuna mtu atakayekwenda kumdai yule mtoto. Ukisikia katekista yeyote anasema hivyo, mlete kwangu. Lakini uongo wa jana ni dhambi, nao naweza kukuondolea. Malipizi yake unayajua."

"Nikimwambia, nitamnyang'anya kitu chake, padre. Umesikia nilivyokusimulia, alilia kwa furaha."

"Kitu hicho ulimpa wewe jana?"

"Ndiyo."

"Basi," akasema. Kisha, taratibu kidogo: "Sikuamuru siku wala saa. Wewe ni mtu mzima."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nilimkasirikia kwa ujana wake na kwa kutoniuliza swali hata moja la Kilatini.

Nilikuwa na siku tatu kabla ya meli. Siku ya kwanza Saindou alinipima suti, hakutaka malipo, akasema mzee wa nyumba yake hawezi kutembea na suruali yenye doa la kahawa. Siku ya pili Hadjira alinisomea sura yake ya kwanza nzima, na nilipomsifu akaniuliza kama na mimi nimehifadhi yangu. Nikamsomea Salamu Maria kwa Kimalagasi, naye akasema ni fupi mno. Siku ya tatu walinisindikiza bandarini. Ansoifa alikuwa amenifungia mkate wa nazi na samaki wa kukaanga. Nikamvuta kando.

"Ansoifa, juu ya kile kivuli nilichokuambia..."

"Usiseme zaidi, Dadilahy," akasema, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Umekwisha kunipa. Rudi upesi."

"Panda, Mkristo!" Bibi Koulsoum akapaza sauti. "Ukikaa hapa unalia, nahodha atadhani sisi ndio tunaokufukuza!"

Nikapanda.

Nosy Be mnunuzi alinijia siku ile ile niliyofika. Nikamwambia angoje. Wiki nzima nilikaa mezani na kalamu. Nikinyamaza, nilikuwa na nyumba, na mtu wa kunifumba macho nikifa, na mtoto wa kuniita babu. Wao pia wasingepungukiwa na kitu. Wangeendelea kusimulia habari yao, na habari hiyo haimdhuru mtu. Hoja hiyo ilikuwa nzuri sana. Niliigeuza kila upande sikuona kasoro, ila kwamba nilipoanza Sala ya Bwana sikuweza kuimaliza. Nilikuwa nafika "mapenzi yako" nasimama, navaa viatu, natoka nje.

Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya kurasa sita na ilieleza sheria ya Kanisa tangu mwanzo. Niliisoma nikasikia mtu anayetaka kushinda. Nikaichana. Ya pili nilimwandikia Saindou, kama desturi, mume kwanza. Nikaona najificha nyuma ya mgongo wa mwanamume, maana aliyeniuliza ni Ansoifa, na Ansoifa anasoma Kimalagasi vizuri kuliko mumewe. Ya tatu ilikuwa na maneno mengi ya kuomba radhi, karibu nijihurumie mimi mwenyewe. Ya nne ndiyo hii, ninayoigeuza kwa Kiswahili:

"Mwanangu Ansoifa. Uliniuliza kama nilikuona ukiinuka. Hukuinuka. Ulikuwa umelala na homa kali, na hakuna aliyeweza kuinuka na homa ile. Kivuli sikukiona, nilikuambia uongo kwa sababu niliogopa. Mimi ndiye niliyemwaga kile kikombe. Nilidhani mtoto anakufa, nikambatiza kwa dini yangu, na sikujua kwamba maji yale ni kombe la Fundi Boinali. Sikukuamsha kwa kuwa nilijua ungenikataza. Hilo ndilo kosa langu kwako, nami nalijua tangu siku ile. Kilichomponya sikijui na sitakubishia. Hakuna mtu wa Kanisa atakayekuja kumuuliza mtoto wako jambo lolote, nimehakikisha. Hukukosea kutokumbuka. Uliishika kweli miaka saba yote, peke yako. Msomee Saindou, kisha mama yako. Nyumba yangu sijaiuza. Telesfori."

Nilirudi kwenye neno "niliogopa" mara nyingi. Sijazoea kuliandika. Nikaliacha.

Asubuhi nikaipeleka posta. Karani alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani wa katekisimu, kijana mpole, mwandiko wake mbaya.

"Bahasha iko wazi, mwalimu."

"Najua."

"Unataka kuongeza kitu?"

Nyuma yangu palikuwa na watu wanne. Mmoja akakohoa. Nikaipitisha gundi ulimini, nikaikandamiza juu ya kaunta kwa ngumi, pembe moja ikainuka, nikaikandamiza tena.

"Ya meli au ya ndege?" karani akauliza.

"Ya meli inaondoka lini?"

"Jumanne. Ukibadili mawazo kabla ya Jumanne, waweza kuja kuichukua, nitakutafutia."

"Na ya ndege?"

"Mfuko unafungwa saa nne. Sasa hivi."

"Tia ya ndege," nikasema.

Akabandika stempu, akaigonga muhuri mara mbili, akaitupa katika mfuko wa ndege, na mtu wa nyuma yangu akasogea mbele.